Profaili ya Uso wa Mama

Niseme mapema kwamba nina mdomo, na sijawahi kuuombea radhi. Ninapiga picha Mbinga mjini, studio yangu haiko mbali na stendi, na wateja wangu wanajua kwamba mtu akija kuniambia "dada, nisafishe kidogo nitoke mweupe," nitamuuliza kwanza kama amefuata picha au amefuata sabuni. Wengine hucheka. Wengine hununa wakaenda kwa jamaa mmoja upande wa pili wa soko, fundi mwenzangu, ambaye yeye hana maswali. Waende tu, mlango sijaufunga.

Nieleze kazi kidogo, tusije tukapotezana. Kamera ukiiwekea mpangilio wetu sisi mafundi haikupi picha iliyokamilika, inakupa faili ghafi, mwanga uliokusanywa tu. Ukiifungua kwenye kompyuta, rangi bado haijaamuliwa. Inaamuliwa na kitu tunachokiita profaili ya rangi, yaani maelekezo yanayoiambia programu kwamba wekundu wa kamera hii uonyeshwe hivi, kijani hivi, ngozi ya mtu hivi. Iko profaili ya mandhari, inayofanya majani ya kahawa yapige kelele. Iko ya sura za watu, inayolainisha ngozi na kuipandisha wekundu. Iko iliyopoa, isiyo na chumvi. Faili ni ileile, haijaguswa, lakini ukibadilisha profaili mtu anageuka mtu mwingine mbele ya macho yako. Waliozitengeneza hizo profaili wanakaa huko wanakokaa, na hakuna aliyeniuliza mimi ndugu zangu wana rangi gani. Ngozi nyeusi kweli, nyeusi ya mama yangu, walipoifikia nadhani walikuwa wameshachoka.

Maana mama alikuwa mweusi. Sisemi maji ya kunde, wala sisemi chokoleti kama wanavyosema watu wanaoliogopa neno lenyewe. Mweusi tii, wa kung'aa, ambaye siku ya mawingu paji lake la uso lilikuwa na ubluu kwa mbali. Alizaliwa ziwani, Lituhi, akaolewa huku juu kwa Wamatengo, kwa watu wa kahawa na mahindi. Siku alipoingia uani kwa baba, dada yake baba alimtazama juu mpaka chini, akamgeukia kaka yake na kusema, "Sasa huu mkaa umetuletea tupikie nini?" Watu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, kwa kuwa alikuwa bibi harusi na hakuwa na pa kuuficha uso. Kisa hiki sikusimuliwa na mama. Nilisimuliwa na shangazi mwenyewe, kwa raha zake, tena si mara moja.

Toka siku hiyo jina likawa wifi mkaa. Wifi mkaa lete maji. Wifi mkaa keti hapa gizani tuone meno. Na mama aliitika, hilo ndilo lililokuwa linanikata maini, aliitika "bee wifi" kama aliyeitwa kwa jina la ubatizo. Shangazi mwenyewe mkorogo ameupaka tangu usichana wake, mashavu yakawa rangi ya papai lililolala, vifundo vya vidole vikagoma vikabaki vyeusi vilevile. Nilipokuwa msichana nilimwambia ukweli huo kuhusu vidole, nikachapwa. Aliyenichapa ni mama.

Baba alikufa kwanza, mama akabaki kwenye ua uleule na wifi yake jirani. Kisha mama akaanza kuugua tumbo. Hospitali walipolitaja jina la ugonjwa, mimi na kaka yangu tulitazamana tukaelewa kwamba hapa hakuna mjadala. Mama alielewa kabla yetu. Akasema anataka kushuka ziwani kwa dada yake akapumzike kidogo kabla ya kurudi kulala pembeni ya mumewe. Nikafunga studio, nikabeba kamera na kompyuta kwa mazoea tu, nikamshusha.

Mama mkubwa, dada yake huyo, anaishi Lituhi karibu kabisa na mchanga. Anaanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu, na siku nzima anagombana na kunguru. Yeye na mama walifanana kiasi kwamba watu wageni waliwachanganya, uso ule ule, weusi ule ule, hata kikohozi. Siku ya pili tulipokuwa pale, mama aliketi kwenye kigoda uani akaniita.

"Mwanangu, kamera umekuja nayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi nipige. Ile ya siku ile."

Nilijua siku ile ni siku gani, na nilitaka kukimbia. Huku kwetu mtu akifa, picha yake kubwa inakaa mbele ya jeneza, ndogo inabandikwa msalabani, nyingine inachapwa kwenye bango na fulana za ndugu. Lakini kumtengenezea mtu picha hiyo angali anapumua ni kumchuria. Hakuna anayethubutu. Ndiyo maana wafu wetu wengi wanazikwa kwa picha ya kitambulisho, au uso uliokatwa kwenye harusi ya mtu mwingine, na bega la shemeji limebaki pembeni. Nimekata mabega mengi sana kwenye kompyuta yangu. Ukiniletea picha ya marehemu wako saa hii nitakuuliza bega la nani hili, na utakuta hujui.

"Mama, tutajichuria," nikamwambia.

"Hatujichurii. Wewe si huwa unasema picha zenu zinakuwa ghafi kwanza? Nipige, halafu iache hivyohivyo ghafi. Usiichape, usiimalize. Ikiwa haijamalizwa basi hiyo siyo picha, Mungu mwenyewe anaelewa. Mimi nikishatangulia ndiyo uiivishe."

Nilikuwa nimemweleza habari za faili ghafi mara nyingi akiwa anachambua maharage, nikidhani hasikilizi.

"Halafu sikiliza," akasema, na sauti ikabadilika. "Usinifanye mweupe. Hawa watu wameniita mkaa tangu nimeolewa. Nataka siku hiyo nikae pale mbele, mkaa uleule, wao wamesimama mimi nimekaa, wanitazame vizuri mpaka wachoke. Siku hiyo hawatakuwa na la kusema. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Apa."

Nikaapa. Mama yangu hakuwahi kuniomba kitu maishani zaidi ya kuni na chumvi, na sasa aliniomba uso wake.

Ilikuwa asubuhi ya mawingu, mwanga mpole kutoka kila upande, na mchanga ulikuwa unamrudishia mwingine kutoka chini. Nikampa ashike kadi yangu yenye vimraba vya rangi. Kadi hiyo tunaipiga picha pamoja na mtu kwenye mwanga uleule, na kwa kuwa kompyuta inajua kila kimraba kinatakiwa kiwe na rangi gani, inapima pale kamera ilipokosea. Mama akaigeuzageuza. "Hii karata tunacheza nini?" akauliza, na mama mkubwa kule kwenye chanja akacheka mpaka akawasahau kunguru. Nikapiga ile ya kadi. Kisha nikaichukua kadi, nikamwambia mama anitazame tu mimi. Akanitazama. Hakutabasamu, wala hakununa.

Jioni yake nikafungua faili kwenye kompyuta. Profaili ya kwanza, ile inayojitokeza yenyewe, ilimfanya wa kijivu, kama mtu aliyemwagiwa majivu. Ile ya sura za watu ilimgeuza tofali. Iliyopoa ilikuwa afadhali, lakini vivuli vya chini ya macho vilizama vyote na macho yakabaki yanaelea. Nikazisonya zote tatu. Nikachukua vipimo vya ile kadi nikatengeneza profaili yangu, ya kamera hii, mwanga huu na ngozi hii, nikairekebisha polepole nikiwa namtazama mama aliyeketi upande wa pili wa meza akinywa uji. Nikitazama kioo, nikimtazama yeye. Wekundu ukashuka. Ubluu wa kwenye paji ukatokea. Mashimo ya mashavu ambayo ugonjwa ulimchimbia yakaonekana, na sikuyafuta. Nilipomaliza nikaihifadhi kwa jina la Mama, nikamgeuzia kompyuta.

Akaweka kijiko chini. Akagusa kioo kwa kidole, kwenye shavu lake mwenyewe.

"Ndiye," akasema.

"Ndiye nani?"

"Ndiye mimi, we mtoto, nani tena? Hapo hata wifi atanitambua." Akacheka, na mimi nilifurahi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote ya kazi hii.

Sasa kuna jambo moja la kiufundi ambalo lazima ulishike. Profaili niliyoitengeneza haikai ndani ya faili. Inakaa kwenye kompyuta yangu, na faili inabeba jina lake tu. Ukiipeleka faili kwenye kompyuta nyingine, itaitafuta Mama, haitaiona, na itavaa profaili yoyote iliyopo hapo. Nilijua, si kwamba sikujua. Faili niliiweka pia kwenye flashi nikampa kaka yangu, kwa sababu kompyuta inaibwa na inakufa, na nikamwambia kwa Kiswahili kinachoeleweka: hii ni akiba, isifunguliwe na mtu mwingine, rangi yake ninayo mimi. Akasema sawa. Kaka yangu ni mtu wa sawa. Ukimwambia kunanyesha anasema sawa, akija mwingine akasema hakunyeshi, sawa.

Mama alirudi kwake, na mvua zilipoanza akatutoka. Mimi nilikuwa Songea kwenye harusi ya watu, kamera shingoni, nikimpigia bibi harusi makelele asimame vizuri. Kaka akanipigia simu. Nilimkabidhi mwenzangu kazi, nikapanda gari la alfajiri na kompyuta yangu mgongoni. Njiani nilikuwa najiambia jambo moja tu, kwamba nikifika naiivisha ile picha kabla hata sijalia.

Nilipofika turubai lilikuwa limeshasimama na watu wamejaa. Pale penye njia ya kuingilia uani kulikuwa na bango refu kuliko mimi, na kwenye bango kulikuwa na mwanamke. Nawaambia ukweli, kwa muda nilidhani nimekosea msiba. Mwanamke wa rangi ya chai ya maziwa, mashavu laini bila shimo hata moja, macho meupe mno kama ya mtu aliyeshtuliwa. Kisha nikaiona kanga. Kanga ya mama, aliyoivaa Lituhi. Na kigoda. Binamu zangu wakanijia mikono mbele kunipa pole, na kila mmoja alikuwa na mwanamke yuleyule kifuani.

Nikalishika bango kwa mikono miwili. Watu wakadhani ni kilio.

Shangazi alikuwa ndani, amekaa kwenye mkeka na wanawake. Adabu ni adabu, nikapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu, pole. Umemwona mama yako alivyopendeza?"

"Nani amefanya kile kitu?"

"Kaka yako alinipa kile kidude chako, tukaenda mjini kwa fundi," akasema, na alikuwa analia, machozi ya kweli kabisa, si ya kuigiza. "Alipofungua, wifi akatoka wa jivujivu, nikasema hapana, huyo ndiyo tutamzika hivyo? Fundi akasema tulia mama, ziko nyingine. Akabofya moja, akabofya ya pili, nikamwambia hiyo, na uongeze mwanga. Akaongeza. Nimemsitiri wifi yangu."

"Umemsitiri?"

"Sasa ulitaka wageni waone nini? Paroko anakuja, watu wa chama cha kahawa wanakuja."

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa wapo wajukuu zake wanaojua kusoma. Nilimwambia kuhusu mkaa na kuhusu vidole vyake. Wanawake wakanishika, mmoja akanifunika mdomo kwa kanga, wakawa wanaambiana mwenye msiba amechanganyikiwa, mpeni maji. Shangazi alitikisa kichwa tu kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonichoma zaidi.

Kaka nilimkuta nyuma ya nyumba. "Si nilikuambia?" nikamuuliza. Akasema, "Uliniambia. Na shangazi naye akaniambia." Nikamwacha, maana ningempiga.

Nikachukua bodaboda mpaka mjini, nikafungua studio yangu, nikaifungua faili. Mama akatokea, yeye mwenyewe, na ubluu wake na mashimo yake. Hapo ndipo nilipolia. Nikaichapa kubwa, nikaitia kwenye fremu nzuri niliyokuwa nayo, nikarudi nayo nimeikumbatia kifuani nyuma ya dereva, na barabara ikinitupa huku na huku.

Jeneza lilikuwa limeshatolewa nje. Paroko ameshavaa. Mbele ya jeneza, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, amekaa yule mwanamke wa chai ya maziwa. Nikapita katikati ya watu, nikaiweka ya kwangu pembeni yake. Watu wakanong'ona. Nyuso mbili, kanga moja.

"Hii ndiyo aliyoitaka mwenyewe," nikasema kwa sauti. "Aliniapisha. Ile nyingine iondoeni."

Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akajikohoza. Akasema jambo hili ni la familia, na familia iseme, padri asicheleweshwe. Akamwuliza kaka yangu kama mtoto wa kiume. Kaka akaitazama picha yangu. Namjua, aliitambua. Kisha akatazama bango, akatazama fulana zilizojaa uwanjani.

"Hii ya kwanza," akasema, "watu wameshaizoea."

Tangu jana. Walikuwa wameizoea tangu jana!

Mama mmoja wa jumuiya akasema ile ya pili ni nzuri lakini inatisha watoto. Mwingine akasema marehemu anaonekana mgonjwa. Paroko, mtu mpole, akasema, "Chagueni moja tuanze, wanangu," na mimi nikasema sitoi. Nikasimama pale na mkono juu ya fremu. Hakuna aliyetaka kunisogeza. Nikajua nikikaza hapo nimeshinda, kwa sababu watu wetu hawapendi kugombana mbele ya jeneza, watamwacha mama akae pale, wamtazame mpaka wachoke.

Ndipo wakaja watani.

Kama hujawahi kuzikiwa ndugu na watani, huwajui. Sisi watani wetu ni Wangoni, na msibani wana ruhusa ya kusema lolote, kumcheka marehemu, kuwacheka wafiwa, kulala barabarani jeneza lisipite, na ole wako ukasirike. Ukikasirika umevunja jambo la wazee. Mtani mmoja, mwanaume mzima amevaa sketi ya shule na masizi usoni, akaruka mpaka mbele. Akalitazama bango. Akajishika kiuno.

"Jamani, sisi tumetoka kwetu kuja kuzika mkaa," akapaza sauti. "Mbona mmetuletea unga wa ngano? Mkaa wetu mmeuficha wapi?"

Uwanja ukalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami, Mungu anisamehe, sekunde moja nilifurahi, nikasema moyoni haya, amesema mtu. Nikamtazama shangazi nione uso wake, na shangazi alikuwa anacheka kuliko wote, anajifuta machozi kwa pembe ya kanga.

Mtani akageuka, akaiona fremu yangu. Akapiga kelele kama aliyeokota kitu, akaipokonya mkononi mwangu, akaiinua juu ya kichwa chake na kuzunguka nayo mbele ya watu wote.

"Huu hapa! Nimeupata! Leteni sufuria!"

Sitaweza kueleza kicheko kile. Wazee walicheka. Wenye fulana walicheka. Watoto wasiojua wanacheka nini walirukaruka wakiimba mkaa, mkaa. Paroko aliinama akijifanya anatafuta ukurasa, mabega yanamtikisika. Na mama yangu alikuwa juu pale, uso wake halisi, nilioutafutia rangi moja moja akinywa uji mbele yangu, anazungushwa uwanjani anachekwa na kila mtu aliyewahi kumcheka, siku ile ile aliyosema hawatakuwa na la kusema. Rangi ilikuwa sahihi kabisa. Hata mwanga wa mawingu ulikuwa kama ule wa Lituhi, picha ilisomeka vizuri mpaka nyuma.

Utani hauna kosa na yule mtani hakuwa na kosa, alifanya kazi yake. Nilimwendea, nikampa kilichokuwa mfukoni kama desturi inavyotaka, akanirudishia picha na kunipa pole kwa heshima. Nikavua kanga yangu ya mabegani, nikaifunga fremu yote, nikaipeleka ndani na kuiweka chini ya kitanda uso ukitazama sakafu. Mimi mwenyewe niliifunika, hakuna aliyenilazimisha. Kisha nikatoka, nikasimama na wenzangu. Tukamzika mama akiwa na uso wa mtu mwingine, na picha ndogo ya mtu huyo ipo msalabani mpaka leo chini ya kioo.

Baada ya maziko watu wa ziwani walibaki wanasubiri gari. Mama mkubwa alikuwa amechelewa kufika, ya fremu hakuiona, vituko vya watani hakuvikuta. Nilimkuta amekaa peke yake mbele ya lile bango, ameliegemea, anampapasa mwanamke yule shavuni. Nikadhani anamlaani. Nikakaa karibu yake nipate mtu wa kulia naye.

"Mdogo wangu," alikuwa anasema. "Kumbe ulikuwa mzuri hivi."

Nilinyanyuka nikaenda kuosha sufuria.

Kahawa ilipokwisha kuanuliwa mwaka huo, mama mkubwa alipandisha kuja Mbinga, kwa mara ya kwanza bila msiba. Akaingia studio amejifunga kitenge kipya, amepaka mafuta mpaka viwiko. Nikampokea begi, nikampa kiti, tukasalimiana habari za ziwani zote mpaka za kunguru.

"Nimekuja unipige," akasema. "Kama mama yako. Usiimalize, iache tu ghafi. Mimi nikifa utaimalizia."

Nikamkalisha karibu na dirisha, nikampiga. Nilipoifungua faili nikaivalisha profaili ya Mama, kwa kuwa ilimkaa sawasawa, hakuhitaji marekebisho yoyote. Akatokea kwenye kioo. Nilishtuka mwenyewe. Alikuwa mama, mzima, aliyepona, ananitazama. Sikuwa nimemwona tangu siku ile nilipomfunika. Nikamgeuzia mama mkubwa kompyuta.

Alitazama. Furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mbona yeye ulimpendelea?" akauliza.

"Sikumpendelea, mama. Ile ya bango siyo yangu. Hii ndiyo aliyoichagua yeye mwenyewe, hii hii."

"Yeye mlimfanya mzuri, mimi unaniacha hivi." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, mtu mzima yule. "Nimekukosea nini mwanangu?"

"Hujanikosea kitu. Mama mkubwa, hapo umependeza. Ndivyo ulivyo."

"Ndivyo nilivyo najua, sikupanda gari kuja kujitazama. Mama yako alikuwa na kiburi, aliweza. Mimi sina. Mimi wameniita hivyohivyo, kule na huku, ila nataka siku moja tu."

Nilitaka kumjibu. Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukosa neno, ulikauka. Nikarudisha kompyuta kwangu, nikafungua orodha ya profaili, nikaiondoa Mama na kubofya ile ya sura za watu. Uso ukawa tofali. Nikavuta mwanga.

"Ongeza," akasema, ameinama begani kwangu.

Nikaongeza. Ubluu wa kwenye paji ukapotea. Nikavuta vivuli, mashavu yakajaa, macho yakawa meupe, na mama akaniondokea pale kwenye kioo kidogo kidogo, safari hii kwa mkono wangu.

"Bado kidogo," akasema mama mkubwa. Kisha akashika mkono wangu uliokuwa kwenye kipanya, akaupapasa. "Basi. Asante mwanangu. Sasa na mimi nitaliliwa vizuri nikiwaacha."